Kabla ya Kulipia Safari ya Watoto, Shika Kalamu



Somo letu la leo linahusu safari. Si safari ya kwenda mnadani, wala ya kwenda kumwona mgonjwa hospitali. Ni safari ya matembezi. Baba, mama, bibi na watoto wanaungana na familia nyingine, wanapanda gari la kampuni ya utalii, wanaongozwa na mtu anayeijua njia, wanakwenda kuona nchi yao.

Wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Hapana, ndugu. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iko hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Magari ya wageni hupita Kalenga, Idodi na Tungamalenga kwenda huko. Watoto wetu husimama kando ya barabara wakipunga mikono, na vumbi likitulia wanarudi kucheza. Tembo wanamjua kwa ubaya tu, yule anayekula mahindi shambani. Twiga wamemwona kitabuni. Mgeni kutoka mbali anaijua Ruaha kuliko mtoto wa Idodi. Hilo si jambo la kujivunia.

Siku hizi vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vimeanza kutenga fedha kidogo kwa ajili ya matembezi ya familia. Ni jambo jema. Lakini mara habari zikienea, makampuni nayo yanakuja. Moja linasema, "Sisi ndio rahisi kuliko wote." La pili linasema, "Watoto wadogo bure." La tatu linasema, "Chukueni gari zima, mgawane wenyewe." Maneno yote ni matamu. Sasa tutachaguaje?

Jibu letu ni hili: makampuni hayalinganishwi kwa masikio. Yanalinganishwa kwa karatasi. Kila kampuni iulizwe maswali yale yale, majibu yaandikwe, kisha tupige hesabu mpaka saa ya kurudi nyumbani, si mpaka saa ya kupanda gari tu. Wazee walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuliojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu hatuna udhuru.

MANENO YA SOMO

Kampuni ya utalii: biashara inayopanga safari na kuwahudumia wasafiri.
Kiongozi wa watalii: mtu anayefuatana na kundi, anaeleza wanachokiona na kulinda usalama wao.
Kiingilio: ada ya kuingia hifadhini au makumbusho.
Malipo ya awali: fedha inayotolewa kabla ya siku ya safari.

HATUA YA KWANZA: ANDIKENI NANI ANAKWENDA

Chukueni daftari. Andikeni majina ya wote watakaosafiri, na mbele ya kila jina andikeni umri. Msione hili kuwa jambo dogo. Umri ndio unaopanga bei.

Katika hifadhi za taifa zilizo chini ya TANAPA, mtoto wa chini ya miaka 5 halipi kiingilio. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa kiingilio cha mtoto. Kuanzia miaka 16 anahesabiwa mkubwa, hata kama bado anasoma. Tena, raia wa Tanzania hulipa kiwango cha chini kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo wakubwa wachukue vitambulisho vyao vya taifa, na watoto nakala za vyeti vya kuzaliwa. Gari nalo lina kiingilio chake, kulingana na uzito wake. Viwango vya ada hizi hubadilika. Vinapatikana TANAPA wenyewe. Visomeni hapo kwanza, ili mtu asije akawatajia kiingilio cha kutunga.

Andikeni pia mambo ya afya. Nani ana pumu? Nani hutapika garini? Bibi magoti yake yanaweza kupanda ngazi ya gari refu? Kampuni nzuri itauliza mambo haya yenyewe. Kampuni isiyouliza, ninyi iambieni, halafu tazameni inajibuje.

HATUA YA PILI: PIMENI NJIA

Watu wengi hulinganisha makampuni kwa kutazama nani ametaja mahali pengi. Hilo ni kosa. Mtoto hahesabu mahali. Anahesabu saa alizokaa akiwa amebanwa kitini.

Tutoe mfano. Kutoka Iringa mjini mpaka Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Ruaha, ni kiasi cha kilometa 130. Kwenda na kurudi ni kilometa 260, na ndani ya hifadhi bado mtazunguka. Kampuni ikisema, "Tutakwenda na kurudi siku moja," tuseme gari linatumia saa 3 kwenda na saa 3 kurudi. Hizo ni saa 6 za kukaa tu, kabla hamjamwona swala hata mmoja. Mtu mzima atavumilia. Mtoto wa miaka 4 atalia, na mama yake hataona kitu.

Kampuni nyingine itasema, "Siku hiyo hiyo tutapita Isimila na Kalenga." Hapa fungueni ramani. Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na maji, iko katika barabara ya kwenda Mbeya, kiasi cha kilometa 20 kutoka mjini. Kalenga iko katika barabara ya kwenda Ruaha, kiasi cha kilometa 15. Hizo ni njia mbili tofauti. Atakayekwenda Isimila kwanza, kwa kawaida itambidi arudi mjini ndipo ashike njia ya Kalenga. Mwenye kuahidi vyote hivyo kwa siku moja, ama atawakimbiza, ama atavunja ahadi.

Ushauri wetu: wenye watoto wadogo sana waanze na safari ya siku moja ya karibu. Asubuhi Isimila. Mchana Makumbusho ya Iringa Boma, iliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo la zamani la Wajerumani. Jioni Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa. Wenye watoto wakubwa kidogo waende Ruaha kwa siku mbili, walale usiku mmoja, na Kalenga iwe njiani. Likizo ya Juni inafaa, maana kuanzia Juni mpaka Oktoba ni kiangazi, na wanyama husogea karibu na maji.

HATUA YA TATU: TAZAMENI LESENI

Kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, anayefanya biashara ya kupeleka watalii anatakiwa awe na leseni ya biashara hiyo. Wenyewe huiita leseni ya TALA. Usione haya kusema, "Ndugu, tunaomba kuiona leseni ya mwaka huu." Someni jina lililoandikwa. Je, ni jina lile lile lililo kwenye risiti na kwenye gari? Someni tarehe. Leseni ya mwaka jana ni karatasi tu.

Makampuni mengine watawaonyesha cheti cha uanachama wa TATO, chama cha makampuni ya utalii. Ni dalili njema, lakini uanachama si leseni. Kila kimoja kina kazi yake.

Kisha gari. Gari la kubeba abiria kwa kukodiwa linatakiwa liwe na kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Liwe pia na bima ya abiria ambayo haijaisha. Andikeni namba ya gari daftarini, na siku ya safari hakikisheni kwamba gari lililokuja ndilo lililoandikwa. Mara nyingi gari zuri huja kwenye picha, na gari bovu huja kituoni.

HATUA YA NNE: MASWALI YALE YALE KWA WOTE

Ukimuuliza mmoja bei ya chakula na mwingine ukamuuliza bei ya gari, hutaweza kuwalinganisha. Ni kama kupima mahindi ya mmoja kwa debe na ya mwingine kwa kilo. Kwa hiyo andikeni barua moja, mpeleke nakala kwa makampuni matatu. Barua yenyewe iwe hivi:

Kikundi cha ……………,
Kijiji cha ……………,
Iringa.
Tarehe ……………

Kwa Meneja,
Kampuni ya ……………

Ndugu,

YAH: KUOMBA BEI YA SAFARI YA HIFADHI YA RUAHA

Sisi ni familia nne, jumla watu 24. Wakubwa ni 13, watoto wa miaka 5 hadi 15 ni 8, na watoto wa chini ya miaka 5 ni 3. Tunataka kusafiri siku mbili katika likizo ya Juni na kulala usiku mmoja. Tunaomba majibu yafuatayo kwa maandishi:

1. Bei ya mkubwa na bei ya mtoto ni kiasi gani? Kodi ya VAT imo au bado?
2. Ndani ya bei hiyo kuna nini: kiingilio cha watu, kiingilio cha gari, malazi, chakula milo mingapi, maji ya kunywa?
3. Je, kila mtoto atakuwa na kiti chake chenye mkanda?
4. Gari ni la aina gani, na likiharibika njiani mtafanya nini?
5. Nani atatuongoza, na amewahi kuongoza watoto?
6. Tutalala wapi? Familia moja italala pamoja?
7. Tukipungua au mtoto akiugua, fedha inarudi kiasi gani?
8. Malipo ya awali ni kiasi gani, na yanalipwa kwa jina la nani?

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
……………
Katibu wa Kikundi

Kampuni itakayojibu yote nane kwa maandishi imeshajitofautisha. Kampuni itakayosema, "Aa, njooni tu tutaelewana," nayo imeshajitofautisha.

HATUA YA TANO: HESABU

Sasa tushike kalamu. Bei tutakazotaja ni za mfano tu, kwa ajili ya kujifunza. Msiende nazo mjini kubishana na watu.

Tuchukue familia moja kati ya zile nne. Ina watu 6: baba, mama, bibi, kijana wa miaka 16, binti wa miaka 9 na mtoto wa miaka 4.

Kampuni ya Kwanza: Sh. 60,000/= kila mtu, mkubwa na mtoto sawa. Bei hiyo ni ya gari na kiongozi tu.
60,000 × 6 = Sh. 360,000/=

Kampuni ya Pili: Sh. 110,000/= mkubwa, nusu yake kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, chini ya hapo bure. Ndani yake mna gari, kiongozi, viingilio, malazi na milo mitatu.
Wakubwa (kijana wa miaka 16 yumo): 110,000 × 4 = 440,000
Binti: 55,000
Mtoto: 0
Jumla Sh. 495,000/=

Kampuni ya Tatu: gari zima la watu 24 kwa Sh. 960,000/=, pamoja na dereva, kiongozi na kiingilio cha gari. Mengine mnajitegemea.
960,000 ÷ 24 = 40,000 kila kiti
40,000 × 6 = Sh. 240,000/=

Mwenye kusikiliza kwa masikio atasema: ya Tatu ndiyo rahisi, inafuata ya Kwanza, na ya Pili ni ghali. Lakini safari haijaisha. Tutakula nini? Tutalala wapi?

Tuseme viingilio vya familia hii ni Sh. 30,000/=. Malazi Sh. 20,000/= kwa kila mmoja, watu 5, maana mtoto mdogo atalala na mama yake: Sh. 100,000/=. Chakula milo minne, Sh. 5,000/= kila mlo, watu 5 (mdogo atakula na mama): Sh. 100,000/=. Jumla ya nyongeza ni Sh. 230,000/=.

Kampuni ya Kwanza: 360,000 + 230,000 = Sh. 590,000/=.

Kampuni ya Pili: viingilio, malazi na milo mitatu vimo. Unabaki mlo mmoja: 5,000 × 5 = 25,000. Basi 495,000 + 25,000 = Sh. 520,000/=. Lakini ngoja kidogo. Mtoto wa miaka 4 alipewa "bure." Bure maana yake nini? Ukisoma jibu lao la swali la 3 utakuta bure maana yake hana kiti; atapakatwa. Saa tatu za njia mbaya, mtoto mapajani, hana mkanda. Gari likifunga breki ghafla, mikono ya mama haiwezi kumzuia. Mtoto huyo alipiwe kiti. Tuseme kiti chake ni nusu bei, Sh. 55,000/=. Jumla inakuwa Sh. 575,000/=.

Kampuni ya Tatu: 240,000 + 230,000 = Sh. 470,000/=. Hapo bado ndiyo ya chini, na kila mtoto ana kiti. Lakini bei hiyo inasimama juu ya neno moja: wote 24 waende. Familia moja ikipata msiba, nyingine watoto wakaugua, mkabaki 16, gari bado ni Sh. 960,000/=. Kila kiti kitakuwa 60,000. Familia yetu italipa 360,000 + 230,000 = Sh. 590,000/=, sawa na Kampuni ya Kwanza.

Mmeona? Katika Kampuni ya Pili, kiti kikiwa wazi hasara ni ya kampuni. Katika Kampuni ya Tatu, hasara ni yenu. Swali la kujiuliza si "nani rahisi?" Swali ni "kiti kisicho na mtu kitalipwa na nani?" Kikundi chenye umoja, ambacho kila mmoja ameshaweka fedha yake kwa mweka hazina, kinaweza kuchukua gari zima na kuokoa hela nyingi. Kikundi ambacho nusu wanasema "nitalipa Insha'Allah" kisijaribu.

HATUA YA SITA: MAMBO YASIYOONEKANA KATIKA HESABU

Gari. Basi dogo la Coaster hubeba wengi na bei yake hushuka, lakini si kila njia ya hifadhini litapita. Gari la juu lenye magurudumu manne ya kuvuta, kama Land Cruiser, hupita pabaya na watoto huona mbali, ila huchukua wachache. Chagueni mkijua. Lolote mtakalochukua, liwe na mikanda, tairi la akiba, kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza.

Kiongozi. Huyu ndiye mwalimu wa safari. Mjaribuni kabla. Mwulizeni, "Kwa nini mto Ruaha hukauka?" Anayejua atawaeleza kwamba maji ya Ruaha Mkuu hutoka huku kwetu milimani na kupita bonde la Usangu, kwamba tangu mwaka 1993 mto umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi nyakati za kiangazi, na kwamba maji yanayochukuliwa mashambani ni sehemu ya sababu. Atawaambia watoto kwamba Ruaha ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na kwamba eneo la Usangu liliongezwa mwaka 2008. Pale Kalenga atawaeleza kwamba fuvu la Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake mwaka 1898. Asiyejua atasema tu, "Yule pale simba, piga picha." Mtoto akirudi na picha bila maneno, mmepata nusu ya safari.

Usalama. Kiongozi aseme wazi kabla ya kuondoka: hakuna kushuka garini isipokuwa mahali paliporuhusiwa, hakuna kulisha nyani, hakuna kusogea ukingo wa mto. Mto ule una mamba na viboko. Makampuni mengine hutoa matembezi ya miguu pamoja na askari wa hifadhi. Hayo si ya watoto wadogo. Kampuni ikikubali kila unachoomba, hata kumshusha mtoto akapige picha na tembo nyuma yake, iogopeni.

Afya. Ruaha ni chini na kuna joto kuliko Iringa mjini. Malaria ipo. Ulizeni kama vitanda vina vyandarua, na vyandarua havina matundu. Mbung'o nao wapo. Hupenda rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi. Watoto wavae khaki au rangi nyingine zilizofifia, zenye mikono mirefu.

Choo na chakula. Mtoto hawezi kungoja kama mkubwa. Ratiba ionyeshe mtasimama wapi na saa ngapi. Ulizeni pia chakula ni cha namna gani. Mtoto aliyezoea ugali na maharage akiletewa visivyomkaa tumboni, safari nzima inaharibika.

Malazi. Yapo mabanda ya TANAPA pale Msembe, na zipo kambi za nje ya hifadhi, Tungamalenga. Ya ndani yanawaweka karibu na wanyama; ya nje mara nyingi yanapunguza gharama. Ulizeni kambi ina uzio au askari wa usiku, maana tembo hana mpaka.

HATUA YA SABA: FEDHA ISITOKE BILA KARATASI

Tunakijua kikundi kimoja cha akina mama. Waliweka akiba mwaka mzima. Kijana mmoja mwenye simu na picha nzuri aliwaambia nafasi zinakwisha, watume fedha yote siku hiyo hiyo. Wakatuma kwa namba yake ya simu. Siku ya safari watoto waliamka saa tisa usiku. Walivaa nguo za sikukuu, wakakaa kituoni na vikapu vya viazi. Saa nne asubuhi gari lilikuwa bado. Saa sita wakarudi nyumbani. Walikuwa na nini mkononi? Ujumbe wa simu wenye jina la mtu, si la kampuni. Kituo cha polisi waliulizwa mkataba. Hawakuwa nao.

Msidhani hatari ni kwa matapeli tu. Hata kampuni ya kweli inaweza kuanguka. Uingereza kulikuwa na mtu aitwaye Thomas Cook. Tarehe 5 Julai 1841 alikusanya watu kiasi cha 500, akawapeleka kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kila mmoja akilipa shilingi moja. Hapo ndipo ilipoanzia kampuni ya safari za makundi iliyojulikana dunia nzima. Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni hiyo ilifilisika. Wasafiri kiasi cha 600,000 walikuwa nje ya kwao, na zaidi ya 150,000 kati yao walikuwa Waingereza. Serikali yao iliwarudisha kwa ndege, na wengi wao safari zao zilikuwa na mfuko wa dhamana uliowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Jina lilikuwa na miaka 178, halikuwaokoa. Kilichowaokoa ni dhamana iliyoandikwa.

Kwa kikundi cha kijijini, dhamana ya kwanza ni karatasi na malipo ya vipande. Fanyeni hivi:

1. Andikeni mkataba mfupi wenye majibu ya yale maswali manane. Pande zote mbili zitie sahihi.
2. Lipeni malipo ya awali madogo kadiri mnavyoweza kukubaliana. Sehemu kubwa ilipwe gari likiwa limefika na kukaguliwa.
3. Lipeni kwa akaunti ya benki au lipa namba yenye jina la kampuni. Namba ya mtu binafsi, hapana.
4. Daini risiti ya mashine. Isomeni palepale: jina, tarehe, kiasi.
5. Viingilio vya hifadhi hulipwa serikalini kwa namba ya malipo. Mwombeni kiongozi awaonyeshe stakabadhi yake.

UAMUZI

Mkishapata majibu, itisheni mkutano. Chora jedwali ubaoni: makampuni matatu juu, maswali manane pembeni. Jazeni kila chumba. Penye jibu la kuandikwa wekeni alama ya vema. Penye ahadi ya mdomo acheni wazi. Wanaume wasiamue peke yao kwa sababu wao ndio wenye kupenda bei. Akina mama ndio watakaombeba mtoto aliyesinzia. Wasikilizwe kuhusu viti, choo na chakula. Bibi naye aulizwe. Hata watoto waulizwe wanataka kuona nini. Mtoto aliyeulizwa husafiri vizuri zaidi kuliko aliyepakiwa kama gunia.

Yawezekana mtachagua kampuni iliyo ghali kidogo. Msione aibu. Au mtaona kwamba mwaka huu fedha haitoshi kwenda Ruaha kwa usalama, mkaamua kwenda Isimila, Boma na Kalenga, na Ruaha mkaiwekea akiba ya mwakani. Huo nao ni uamuzi wa watu waliosoma. Mbuga haihami.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini umri wa kila msafiri uandikwe kabla ya kuuliza bei?
2. Kampuni inasema "mtoto bure." Mtaiuliza nini?
3. Leseni na uanachama wa chama vina tofauti gani?
4. Katika kijiji chenu, ni safari ipi ya karibu inayowafaa watoto wa chini ya miaka 5? Elezeni sababu.

ZOEZI LA HESABU

Kampuni ya Tatu inatoza Sh. 960,000/= kwa gari zima. Watu 24 walijiandikisha, lakini 4 wameshindwa kwenda. Ile familia ya watu 6 italipa jumla kiasi gani, pamoja na nyongeza ya Sh. 230,000/=? Je, ni rahisi au ni ghali kuliko Kampuni ya Pili yenye kiti cha mtoto?

Fanyeni kwanza ndipo mtazame jibu.

Jibu: 960,000 ÷ 20 = 48,000. Kisha 48,000 × 6 = 288,000. Ongeza 230,000, unapata Sh. 518,000/=. Bado ni rahisi kuliko Kampuni ya Pili kwa Sh. 57,000/=. Wakipungua wengine wanne, jibu linageuka.